Pengo la Mlango wa Kinu

Maandishi ya kwenye kifuniko yalikuwa ya penseli, ya mkono wa mtu mwenye haraka: *Kipande kimoja kimepungua. Kisitengenezwe.*

Muriel Wragg aliyasoma mara mbili.

"Kupungua naelewa," alisema. "Hili la pili ni amri ya nani?"

"Ya mtu aliyeshindwa," alijibu kaka yake, Cyril Mawer, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Yeye hakumaliza, basi na wengine wasimalize. Watu wa namna hiyo wako tele wilaya hii."

"Wako tele nyumba hii," alisema mama yao. "Ondoeni vyombo, tumwage vipande."

Ilikuwa tarehe 26 Disemba 1962, na theluji ilikuwa imeanza kuanguka juu ya mashamba ya Lincolnshire. Muriel alikuwa amekuja kutoka Doncaster kukaa juma moja, kama kila Krismasi, na mama yake, Bi. Adelaide Mawer, mjane wa miaka sabini na minne, katika nyumba ya Carr End, maili tatu nje ya mji wa Louth. Cyril, aliyekuwa seremala, hakuwa amewahi kuhama nyumba hiyo. Sanduku la kijani lenye kifuniko hicho Bi. Mawer alikuwa amelinunua kwenye mnada wa vitu vikuukuu katika kanisa la Wamethodisti, akalificha chini ya kitanda hadi sikukuu ipite, maana desturi ya nyumba ilikuwa kwamba picha ya vipande vya kuunganishwa haifunguliwi kabla ya siku ya pili ya Krismasi.

Katika nyumba ya Mawer hapakuwa na ugomvi wa kweli. Ugomvi wao wote waliuweka kwenye picha za vipande. Mshindi alikuwa yule aliyeweka kipande cha mwisho, na jina lake liliandikwa ndani ya kifuniko pamoja na tarehe. Kwa sababu hiyo kila mmoja aliiba kipande mapema, akakificha, akangoja wengine wachoke. Marehemu baba yao, Herbert Mawer, aliwahi kukaa na kipande ndani ya soksi siku tatu, akichechemea na kulalamikia baridi yabisi. Dawa ya wizi huo ilikuwa moja tu, kuapishwa. Unayemshuku anaweka kiganja juu ya kifuniko, unamuuliza mara moja, naye anajibu. Akiwa na kiganja pale, hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kusema uongo. Lakini kila mmoja alikuwa na haki ya kuapisha mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo haki hiyo waliitunza kama akiba ya siku ya njaa.

Picha ilikuwa ya mbao, vipande mia tano: kinu cha upepo, shamba lililovunwa, mtu mwenye gunia begani akielekea mlangoni. Kufikia tarehe 30 yalibaki mapengo manne, moja mawinguni, moja shambani, moja kwenye gunia, na moja pale penye mlango wa kinu. Watu watatu walikaa kuizunguka meza, kila mmoja mkono mfukoni.

"Mama, toa," alisema Muriel. "Ukipepesa macho hivyo ndiyo unacho."

"Napepesa kwa sababu ya moshi wa makaa. Wewe mwenyewe leo umekataa kuvua koti."

"Nina baridi."

"Baridi ya kuiba."

Cyril alicheka peke yake. Walipochoka, Bi. Mawer alitoa wingu kutoka ndani ya kofia yake ya sufu, Muriel akatoa kipande cha shamba, Cyril akatoa gunia. Likabaki pengo la mlango, ambalo kwa haki halikuwa la mtu.

"Basi sare," alisema Bi. Mawer. "Mwaka huu hakuna mshindi."

"Hakuna?" Cyril aliingiza mkono kwenye mfuko wa pili. "Na hiki je?"

Alikuwa amekikata mwenyewe kibandani, karakana yake ya uani, kwa ule msumeno wake mwembamba kama uzi, akakipaka rangi ya mlango uliofungwa, kahawia, na kitasa cheusi.

"Mwizi wewe!" alipiga kelele Muriel. "Imeandikwa kisitengenezwe!"

"Imeandikwa na nani? Mimi ni seremala, mdogo wangu. Nikiona tundu nalijaza."

Alikibonyeza. Vipande vya mbao vikikutana hutoa mlio mkavu, nao watatu waliujua mlio huo tangu utotoni. Hiki hakikutoa mlio. Kilitoa pumzi, kama mtu aliyeamshwa, na kwa muda mfupi chumba kilinuka unga uliolowa maji.

"Mmesikia?" aliuliza Bi. Mawer.

"Nimesikia watu wawili wakishindwa," alisema Cyril, akachukua penseli kuandika jina lake.

Kesho yake aliipaka picha nzima gundi, akaibandika juu ya ubao, akaitia fremu na kuitundika sebuleni, ili mwaka mzima wasipate kusahau. Theluji ikafunika njia. Juma la Muriel likaisha na treni haikuwepo.

Kilichopotea kwanza ni kijiko, kimoja kati ya sita vya chai. Halafu saba ya kopa kwenye karata. Halafu kifungo kimoja katika kila shati la Cyril, kimoja tu, na kila shati mahali pengine. Katika kitabu cha nyimbo za kanisa ukurasa mmoja ulikosekana, na haukuwa na alama ya kuchanwa. Saa ya ukutani ikaanza kupiga kengele moja pungufu.

Katika nyumba nyingine watu wangeogopa mapema. Katika nyumba ile walicheka na kushukiana, maana kuficha kimoja ndiyo ilikuwa kazi yao.

"Haya, kaka, yatosha. Rudisha kijiko cha Mama."

"Nirudishie vifungo vyangu kwanza."

"Vifungo vyako navitaka vya nini?"

"Uliona uchungu kushindwa. Tangu una miaka mitano, ukishindwa unaficha vitu."

Bi. Mawer alitumia haki yake ya mwaka mzima. Alimwapisha Cyril juu ya kifuniko, naye akasema hapana. Muriel akajitolea mwenyewe, akaweka kiganja, akasema hapana. Kisha wote wawili wakamtazama mama yao, na Bi. Mawer akaweka kiganja chake chenye mishipa.

"Mimi sikuficha kitu," alisema. "Ila nimemsikia anayeficha. Mchana, mkiwa jikoni. Anachambua vipande."

"Vipande gani, Mama? Picha imegundishwa."

"Ndiyo maana nikashangaa."

Hapo ndipo kicheko kilipoisha na shuku ikabaki peke yake. Muriel alimshuku Cyril kwa sababu aliyoijua. Doreen Epton wa posta alikuwa tayari kuolewa naye, lakini alikuwa amesema waziwazi kwamba hataishi nyumba moja na mkwe. Kama Bi. Mawer angeonekana ameanza kuchanganyikiwa, mambo yangejipanga yenyewe. Cyril naye alimshuku Muriel, ila hakusema kwa nini. Alianza tu kufunga mlango wa kibanda chake kwa kufuli.

Tarehe 4 Januari, mezani, Bi. Mawer alinyoosha mkono, akasema, "Nipe ile... nyeupe. Ya kutia kwenye mayai."

"Chumvi?"

"Hiyo," alisema, na hakulirudia neno.

Tarehe 6 alilikosa jina la mumewe. Alikaa mbele ya picha yake ya ndoa, akasema, "Alikuwa na miguu mibaya, huyu," kisha akamwomba Muriel wazungumze habari nyingine. Tarehe 9 aliinua macho kutoka kwenye ufumaji wake, akamwona Cyril mlangoni na theluji mabegani, akamwambia kwa adabu kubwa, "Karibu bwana. Mwanangu atatoka sasa hivi kibandani, atakusikiliza."

Cyril alisimama pale mpaka theluji ikayeyuka juu ya zulia. Muriel alimtazama usoni akitafuta furaha, hata kidogo, na hakuiona. Ndipo alipoanza kuogopa, kwa sababu kama si Cyril, ni nani?

Daktari Pashley alifika kwa trekta. Alimpima Bi. Mawer, akamuuliza mwaka na siku, akaandika. Jikoni alisema kwa sauti ndogo, "Ni umri. Njia zikifunguka nitaandika barua Lincoln. Wana nyumba ya wazee wa namna hii. Hamtaweza kukaa naye hapa."

"Wiki mbili zilizopita alikuwa anatushinda sote mezani," alisema Muriel.

"Huwa hivyo, Bi. Wragg. Huanza na kimoja."

Alasiri hiyo Bi. Mawer alisinzia kitini karibu na moto. Saa kumi ilikuwa bado, lakini giza la Januari lilikwisha kufika madirishani. Muriel aliinama kumfunika blanketi, na sikio lake lilipopita karibu na nywele za mama yake alisikia sauti ambayo angeitambua popote duniani, sauti ya vidole vikipekua ndani ya sanduku la vipande vya mbao, taratibu, bila haraka, vikigeuza kimoja, vikikiacha, vikichukua kingine, kama mchezaji hodari anayejua hasa anachokitafuta. Nayo haikutoka mezani wala sandukuni wala ukutani, bali ilitoka ndani ya kichwa cha mama yake, nyuma kidogo ya sikio, pamoja na harufu ya unga uliolowa.

Hakupiga kelele. Alimfunika vizuri, akavaa mabuti ya Cyril, akatoka kwenda kutafuta aliyeandika kwenye kifuniko.

Mke wa mchungaji alimwambia sanduku la kijani lilitoka kwa akina Cropley, kando ya mfereji. Bi. Enid Cropley, mwanamke asiyeolewa, mwenye umri wa mama yake, alifungua mlango kwa upana wa kiganja.

"Kama ni kwa ajili ya kanisa, nimekwisha kutoa."

"Ni kwa ajili ya picha ya kinu."

Mlango haukufunguka zaidi. "Picha ya kinu iko kabatini kwangu."

"Iko ukutani kwetu, Bi. Cropley. Tuliinunua mnadani."

"Gladys!" alisema Bi. Cropley, ingawa ndani hapakuwa na mtu. "Mpwa wangu yule! Nilimwambia beba la bluu, kabeba la kijani. Ingia, unaingiza baridi." Kisha, Muriel akiwa hata hajaketi: "Mmelijaza pengo?"

"Kaka yangu ni seremala."

Bi. Cropley alikaa kitako. "Kwa nini kila ukoo lazima uwe na seremala?"

Alimweleza kwa ufupi, kwa ukali, kama anayemsomea mpangaji masharti aliyoyavunja. Mama yake mwenyewe, Bi. Harriet Cropley, aliingiwa na jini mwaka 1911, walipokuwa wakikaa karibu na kinu kilichobomoka. Kwanza vitu nyumbani, kimoja kimoja. Halafu maneno. Mganga wa Alford, bwana mmoja aliyezoea kutibu ng'ombe, alimwambia baba yao kwamba kiumbe yule hakai mahali palipojaa. Anaishi kwenye pengo. Akikosa pengo hulichimba. Basi wakachukua picha ya vipande iliyokuwa mezani, wakachoma kipande cha mlango, wakaandika onyo kwenye kifuniko, wakamkaribisha jini humo, naye akaenda.

"Miaka hamsini na moja alikaa kwenye tundu lake, na hakumsumbua mtu," alisema Bi. Cropley. "Nyinyi mmemjengea mlango na kuupiga kitasa."

"Tukikitoa hicho kipande, atarudi?"

"Akikaribishwa. Aliyelijaza lazima akiri mbele yenu kwamba hakuimaliza picha. Na msimkaribishe kwa mazoea ya mdomo. Akikaribishwa, anakuja. Haangalii ulikuwa na nia gani."

Muriel aliporudi alipiga simu Doncaster kwa mumewe, Leonard Wragg, gadi wa treni. Alimweleza yote kwa kunong'ona, mkono ukikinga mdomo.

"Mpenzi," alisema Leonard, "mama yako ana miaka sabini na minne, na kaka yako ni Cyril. Nyumba hiyo ina nafasi ya jini kweli?"

"Usinicheke, Len. Nimemsikia."

"Sikucheki." Sauti yake ilibadilika. "Nisikilize. Njia ikifunguka nakuja kukuchukua. Mpaka nifike, usifanye ushujaa. Nakujua wewe. Ukiona mtu amebeba gunia, unampokea."

Kesho yake, tarehe 11, saa tisa alasiri, waliiteremsha picha na kuilaza mezani. Bi. Mawer walimweka kwenye kiti chake. Tangu asubuhi alikuwa hajui matumizi ya uma.

Cyril alikuwa na msumeno mkononi, lakini hakuanza.

"Nimekuwa nikikushuku wewe," alisema bila kumtazama dada yake. "Nilidhani unamtia mama dawa. Ili uniharibie kwa Doreen."

"Mimi nilidhani wewe unaficha vitu ili aonekane mwehu."

"Hm." Aliipima ncha ya msumeno kwa kidole gumba. "Kumbe ukoo mzuri sisi."

Alitoboa katikati ya mlango wa kinu, akapitisha msumeno, akakata kuzunguka ukingo. Gundi ilikuwa imeshika kama mfupa. Kipande kilipotoka, kilikuwa na majimaji upande wa chini, nayo yalinuka unga. Cyril alikitupa motoni. Kisha akachukua kifuniko, akalifuta jina lake.

"Sikushinda," alisema. "Kile hakikuwa kipande cha picha hii. Nilikitengeneza ili nionekane. Karibu kwako, wewe uliyekuwa humu. Rudi."

Walingoja. Sauti ya kupekua ilisikika, sasa wote wawili waliisikia, ikakoma, wakahisi baridi ikipita juu ya meza, ikazunguka pengo la mlango kama mtu anayezunguka nyumba yake ya zamani, ikagusa huku, ikagusa kule. Muriel aliinama kulitazama tundu. Msumeno hukata njia yake mwenyewe. Tundu lilikuwa limepanuka kwa upana wa uzi, na kingo za vipande jirani zilikuwa zimelika. Halikuwa tena pengo lile lile.

"Si lake," alinong'ona. "Cyril, si lake tena."

Baridi ikarudi kwa Bi. Mawer.

Safari hii kiumbe hakuchambua taratibu. Alipekua kwa pupa, kama mtu aliyefukuzwa hotelini usiku wa mvua, na kila kitu kilichochukuliwa kilionekana usoni pa bibi yule kikitoka: akasahau kitu ambacho mikono yake ilikuwa imeshika, mikono ikafunguka, akasahau kushikilia kichwa, kichwa kikaangukia kifuani, akasahau kufumba macho, yakabaki wazi, makavu, yakitazama makaa, na Cyril alikuwa amepiga magoti mbele yake akimwita Mama, Mama, ni mimi, ni Cyril, kwa sauti ya mtoto aliyepotea gulioni, wakati Muriel, aliyekuwa ameweka mkono juu ya kifua cha mama yake, alipohisi kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda, kisha kinashuka na kusita pale chini, kama mtu aliyesimama katikati ya ngazi asikumbuke alikuwa anakwenda wapi.

Bi. Mawer alikuwa amesahau kuvuta pumzi.

Muriel alihesabu hadi tano. Alikumbuka maneno ya Bi. Cropley na ya mumewe, yote mawili pamoja, na hakuna hata moja lililomzuia.

"Njoo kwangu," alisema. "Mwache. Karibu kwangu. Lakini kimoja tu. Chagua kimoja, ukae hapo hapo, usichimbe tena."

"Muriel!" Cyril aligeuka. "Wewe, futa kauli! Futa!"

Hakuifuta. Alihisi kitu chepesi, kama kidole kilichopitishwa nyuma ya sikio lake. Alisikia vipande vikigeuzwa, karibu sana, kimoja, kingine, kingine. Halafu mlio mkavu, mmoja. Halafu kimya.

Bi. Mawer alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akainua kichwa.

"Cyril," alisema kwa hasira, "ondoka magotini, umechafua suruali. Na nani kaikata picha yangu?"

Usiku ule alikula mayai mawili, akaomba chumvi kwa jina lake. Kijiko kilipatikana sandukuni mwake, na saba ya kopa, na vifungo kwenye bakuli moja, vyote. Akitazama picha ya mumewe ukutani alisema, "Herbert, hawa watoto wako wajinga hawa," akaenda kulala.

Muriel hakulala vizuri siku tatu. Alijipekua. Alitaja majina ya wasichana wote waliosoma naye Louth, kwa mpangilio wa madawati. Alitaja jedwali la kuzidisha la kumi na tatu. Alitaja stesheni za reli toka Louth hadi Grimsby na za mbele yake, bila kuruka. Alikumbuka kipimo cha mkate wa zabibu, rangi ya farasi wa babu yake, mazishi ya baba yake na aliyelia kuliko wengine. Vyote vilikuwepo.

"Labda hakuja," alimwambia Cyril.

"Labda," alisema Cyril. Alikuwa akimtazama kama anavyotazama ubao aliouziwa bei rahisi. "Mimi jina langu nani?"

"Cyril Ernest Mawer, mwizi wa vipande."

"Na ulipiga simu kwa nani, jioni ile kabla ya kukata?"

Muriel alifungua kinywa. Aliikumbuka simu. Alikumbuka baridi ya chombo sikioni na mkono wake ukikinga mdomo. Alikumbuka kwamba upande wa pili mtu alimwambia asifanye ushujaa.

"Bi. Cropley," alisema.

"Bi. Cropley hana simu."

"Basi posta. Niache, kaka, kichwa kinaniuma."

Cyril hakuuliza tena, ila tangu hapo hakumwacha peke yake chumbani.

Asubuhi ya tarehe 16 simu ililia, na aliyeipokea ni Bi. Mawer. Alizungumza kwa furaha, akacheka mara mbili, akaiweka chini.

"Ni Leonard," alisema. "Njia imefunguka. Anafika Louth na treni ya saa nane mchana, anakuja kukuchukua. Anasema hajala chakula cha maana tangu uondoke, masikini."

"Leonard," alirudia Muriel.

Alingoja jina lilete kitu. Lilikuwa jina zuri, la heshima, la mtu yeyote. Alitazama mkono wake wa kushoto na kuona pete, na pembeni ya pete ngozi iliyobonyea, ngozi ya miaka mingi. Aliigeuza pete kidogo. Ilizunguka bila kumwambia lolote.

"Vipi, mwanangu?" Mama yake alikuwa akimtazama kwa macho makali, yaliyojaa, macho ya mtu anayekumbuka kila kitu. "Umebadilika rangi."

Akijua nilicholipa, aliwaza Muriel, ataniomba nimrudishie. Atamkaribisha jini kwa mdomo wake mwenyewe. Mlangoni Cyril alikuwa ameacha kufuta mabuti.

"Nafurahi tu, Mama," alisema. "Ni muda mrefu."

Alivaa koti, akachana nywele, akapanda trekta ya jirani hadi stesheni. Treni iliingia ikiwa na theluji juu ya mabehewa. Waliteremka wanaume watano. Mmoja alikuwa mzee, wengine wanne walikuwa wa umri wa kuweza kuwa mume wake, na wawili walivaa makoti ya reli. Muriel alisimama chini ya taa, mahali pa wazi ambapo yeyote angemwona, akawatabasamia wote kwa kipimo kimoja, akangoja kuona ni yupi atakayemkimbilia.